Hikma Mpishi na Wiki Aliyokataa Kungoja

Hikma hakunenepa kwa kula. Alinenepa kwa kuonja. Nalisema hili mapema kwa sababu Majengo nzima ina maneno yake, na wengi wa wanaomsema wamekula chakula chake wakalamba vidole kwanza. Mpishi wa shughuli haketi kula. Anaonja supu, anaonja nyama, anaonja mchele kama umeiva, na mwenye arusi akija na wasiwasi wake anaonja tena mbele yake ili moyo wa mwenzake utulie. Fanya hivyo arusi mbili kwa wiki, miaka thelathini na moja. Tone kwa tone maji yanatoboa jiwe. Kijiko kwa kijiko pilau ishindwe kumnenepesha mtu?

Mimi Bi Kadija nilikuwapo siku aliyozaliwa, katika nyumba ya udongo ya mama yake nyuma ya msikiti, na ukweli ni kwamba mtoto alitoka ameshika kitunguu. Anayekataa akatae. Mkunga amekufa, mama amekufa, shahidi nimebaki mimi. Alipofika miaka kumi na tisa alipika arusi yake ya kwanza peke yake, watu mia nne, na akipalia makaa juu ya mfuniko ile harufu ilivuka barabara ikafika makaburini Kariokor, na nimeambiwa na watu wa kuaminika kwamba kuna maiti mmoja aliuliza kama chakula kiko tayari.

Kazi yake ina sheria moja. Makaa hayakai bure. Sufuria ya nyama ikitua, ya mchele inapanda. Ya mchele ikitua, birika la chai linapanda. Akiona jiko lina moto na halina kitu juu, anaudhika kama mtu aliyeona bomba la maji limeachwa wazi. Wasaidizi wake wote wamefokewa kwa hilo. Hata mimi nimefokewa, na mimi si msaidizi, nilikuwa nimeenda kuomba ukoko.

Basi kuchutama mbele ya makaa na kuinua masufuria kukamla magoti. La kushoto lilivumilia. La kulia likaanza kulia, na nikisema kulia namaanisha sauti: akipanda ngazi, watu wa chini wanauliza nani anavunja njugu. Miaka minne amekuwa akitembea kama mtu anayevuka mtaro ambao hauishi. Akapelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha, akaonana na daktari wa mifupa, mtu mrefu asiyecheka.

"Mama, goti limeisha," akamwambia. "Nitakuwekea jipya. Lakini uwe chini ya kilo mia. Juu ya hapo sikupasui."

Hikma siku ile alikuwa na kilo mia na ishirini na saba. Foleni ya magoti ilikuwa ndefu, kwa hiyo akapewa tarehe ya mbali, mwaka uliofuata, tisa mwezi wa saba. Wiki moja kabla ya hapo angepanda mzani. Ukizidi kilo mia, nafasi inakwenda kwa mwingine. Tarehe hiyo aliibandika kwenye mlango wa friji, na kuanzia siku ile hakuna kitu kingine alichokitaka duniani.

Mwanawe aliye Doha akasema atagharamia zile sindano za kupunguza uzito ambazo watu wanazungumzia. Hikma hakuenda kuzinunua vichochoroni kama wale wengine wanaonunua kwenye simu kitu wasichokijua. Alienda kliniki upande wa Ziwani, kwa Daktari Nahashon, akapimwa damu, akapimwa figo, akaulizwa maswali mpaka ya bibi zake. Akapewa kalamu ya sindano: unaigeuza kichwa, unaweka sindano mpya nyembamba kama unywele, unajidunga tumboni au pajani mara moja kwa wiki. Siku yake ikawa Jumatatu. Alianza na dozi ndogo, mwezi ukiisha anapandishwa kidogo, mwezi ukiisha kidogo tena. Wiki za kwanza alikuwa na kichefuchefu, baadaye kikatulia. Miezi minane, kutoka mia na ishirini na saba hadi mia na nne. Kanzu zake za shughuli zikawa zinapepea. Mimi nilisema akisimama kwenye upepo wa Jogoo Road ataokotwa Thika.

Kisha mzani ukagoma. Wiki sita, mia na nne. Na katika hali hiyo ya kugoma, dawa ikaadimika.

Nilikuwa naye siku tulipokwenda kwa Muse wa kemisti. Muse ni kijana mzuri, ila ana tabia ya kukupa habari mbaya huku anatafuna mswaki.

"Shosh, stoki imeisha," akaniambia mimi bibi mzee, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Itakuja lini?" Hikma akamuuliza.

"Mama, nimepiga simu town, nimepiga Eastleigh, nimepiga mpaka Mombasa. Hakuna. Wiki jana waliniambia wiki hii. Wiki hii wananiambia wiki ijayo."

"Wiki ijayo ndiyo lini?"

"Hiyo wiki inasongaga tu."

Hikma akaegemea kaunta, goti likatoa njugu yake. "Muse, mimi nina wiki sita kabla ya mzani. Nina kilo tano za kutoa. Wewe unanichekesha?"

"Sikuchekeshi, mama. Enda kwa daktari wako akubadilishie. Kuna ile nyingine ipo. Lakini usichukue hivi hivi, mimi sikuuzii bila karatasi yake."

Tukaenda Ziwani. Tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na benchi lile nahisi lilitengenezwa na mtu aliyechukia makalio. Daktari Nahashon alipotuita, alisikiliza yote, akaangalia karatasi za damu, akasema sawa, tutahamia hii nyingine. Kisha akaweka kalamu yake chini na kusema polepole, kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka mahali hapo hapo.

"Mama Hikma, ya zamani umebaki nayo dozi ngapi?"

"Moja."

"Hiyo idunge Jumatatu kama kawaida. Halafu usidunge kitu chochote wiki nzima. Jumatatu inayofuata ndiyo unaanza mpya. Na mpya unaanza na dozi ya chini kabisa, moja tu kwa wiki. Tumeelewana?"

"Lakini mimi nilishapanda, daktari. Kwenye ile ya zamani niko juu."

"Hii ni dawa nyingine. Nambari za ile hazihesabiki kwenye hii. Tumbo lako halijaizoea. Na ile ya zamani haitoki mwilini siku moja, inakaa. Ukiweka hii juu yake mapema, zitakuwa mbili kwa wakati mmoja, na tumbo litakataa zote."

"Na kilo zangu?"

"Zinaweza kusimama kidogo. Usiogope."

"Daktari," Hikma akasema, "wewe huna tarehe kwenye friji."

Akacheka kidogo, akamwandikia karatasi. Akamwambia akitapika sana, au akishindwa kunywa maji, au tumbo likimuuma mpaka mgongoni, asikae nyumbani. Mimi nilisikia yote kwa masikio yangu mawili, na ninayasema hapa ili msije mkadhani hatukuambiwa. Tuliambiwa vizuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu Hikma akadunga ile ya mwisho. Jumanne akapanda mzani wa nyumbani: mia na nne. Jumatano: mia na nne na nukta kadhaa. Alhamisi nilimkuta jikoni, friji iko wazi, kalamu mpya imelala karibu na maziwa, na yeye amesimama anaiangalia kama mtu anayemwangalia mdeni wake anakula kuku.

"Bi Kadija," akasema, "ile ya zamani imetua. Jiko liko tupu."

"Daktari amesema wiki."

"Daktari hajui moto. Moto ukikaa bure siku nne, utauwasha upya kwa kazi kubwa mara mbili. Na Jumamosi nina arusi ya binti wa Idarusi, watu mia sita. Unajua mimi nikiwa kwenye masufuria naonja. Nitaonja kilo mbili siku moja. Halafu nimwambie nini yule mrefu asiyecheka?"

Hapa ndipo ningepaswa kuwa mtu mzima. Nina umri wa kutosha. Sijui kusoma, lakini nimezika waume wawili na kuona mengi, na mdomo wangu ulikuwa na nafasi ya kusema: Hikma, funga friji. Lakini mimi nina ugonjwa wa kupenda kusema maneno yanayosikika vizuri.

Nikasema, "Kesho Ijumaa. Sijawahi kuona mtu aliyeharibikiwa na jambo aliloanza Ijumaa."

Uongo mtupu. Ndoa yangu ya pili ilifungwa Ijumaa.

Hikma akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Kwa watu wetu ukitaka kuhamia nyumba, ukitaka kumpeleka mtoto chuo, ukitaka kufungua duka, unangoja Ijumaa, na yeye mwenyewe hakuwahi kununua sufuria mpya siku nyingine. Neno langu likamkaa. Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri akajidunga dozi moja pajani. Akangoja kidogo, akasema hasikii kitu, ni kama kutia chumvi sufuria ya watu mia sita kwa ncha ya kidole. Akabadilisha sindano, akajidunga tena upande wa pili.

Nilikuwa nimeketi pale pale. Nikamwuliza, "Si alisema moja?"

"Moja ni ya anayeanza," akasema. "Mimi nirudishwe darasa la kwanza na miezi minane yangu?"

Mimi ambaye sikufika hata hilo darasa la kwanza nikafunga friji.

Jumamosi alfajiri alifika kwa Idarusi akiwa mzima, akapanga mafiga, akawasha. Vitunguu vilipoanza kugeuka rangi, nikamwona anageuza uso pembeni. Hikma, ambaye kwake harufu ya kitunguu ni kama sauti ya mama yake. Nyama ilipoingia kwenye masala akaweka mwiko chini, akatembea mpaka nyuma ya tangi la maji, na tukasikia. Akarudi, akafuta mdomo kwa kanga, akashika mwiko. Ikaja tena. Alipoletewa kijiko cha kuonja, alikitazama, akaniambia, "Onja wewe."

Nikaonja. Ilihitaji chumvi. Nikamwambia iko sawa, kwa sababu nilimwonea huruma, na watu mia sita wakala pilau isiyo na chumvi. Mama wa bwana arusi anaendelea kuilalamikia mpaka leo. Arusi ya kwanza katika miaka thelathini na moja ambayo watu walibakisha.

Jumapili alitapika kutwa. Maji yakiingia yanarudi. Chai ya tangawizi ikarudi. Maji ya ndimu yakarudi, na nilikuwa nimeyakamua mimi. Nikamwambia twende hospitali, akasema Jumatatu. Nikamwambia daktari alisema usikae nyumbani, akasema, "Nitamwambia nini? Kwamba nilihesabu mpaka nne nikadhani ni saba?" Aibu ilimshika kuliko tumbo. Jumatatu asubuhi alisimama kwenda chooni, ukuta ukamkwepa. Macho yalikuwa yameingia ndani na ulimi umekauka kama kipande cha gome. Mkojo, aliniambia, hajauona tangu jana mchana. Hapo sikuomba ruhusa. Nikawaita majirani wanne, tukamwingiza kwenye teksi, na mimi nikakaa mbele nikimfokea dereva ambaye hakuwa na kosa lolote.

Hospitalini wakamwekea maji. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakamtoa damu. Kabla ya hayo yote walimpandisha mzani, na hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo, kwa sababu mzani ulisoma tisini na tisa.

Hikma, na mdomo wake mkavu, akainua kichwa. "Mmeona? Tisini na tisa. Andikeni. Mwiteni yule mrefu."

Muuguzi akasema, "Mama, hizo si kilo. Ni maji."

"Mzani umesema."

"Mzani haujui kilichotoka. Subiri tukujaze, tutapima tena."

Walipomjaza alikuwa mia na mbili na nusu. Nilimwona akiangalia ile nambari kama mtu aliyerudishiwa noti bandia.

Daktari Nahashon alipopata habari alikuja mwenyewe, jioni ya Jumanne, na begi lake begani. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alivuta kiti, akauliza siku gani, saa ngapi, dozi ngapi, akaandika. Hikma akamwambia yote, mpaka la makaa.

"Mama Hikma," akasema, "ukitoka kwenye pishori ukapewa mchele usioujua, unamwaga maji yale yale?"

Hikma akakunja pembe ya shuka. "Naanza na kidogo," akasema mwisho. "Naupikia sufuria ndogo kwanza niuone."

"Basi ulikuwa unalijua."

Akageuza uso ukutani. Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe bibi, nasikia siku ya kuanza ulichagua wewe."

"Mimi nilisema tu kwamba Ijumaa ni njema."

"Ni njema. Ungengoja hata Ijumaa ya wiki iliyofuata, tusingekuwa hapa."

Nina majibu kwa kila mtu. Nilishamjibu chifu, nilishamjibu imamu, nilishawajibu kanjo watatu, wale askari wa jiji, wakaniachia kikapu changu. Huyu nilimsindikiza tu mpaka mlangoni.

Alhamisi akaja yule mrefu asiyecheka, na karatasi za damu mkononi. Figo zilikuwa zimeumia kwa kukosa maji. Zitarudi, akasema, lakini haziwezi kuingizwa kwenye usingizi wa upasuaji karibuni. Tena mgonjwa asiyefuata dozi ni mgonjwa atakayemsumbua na goti. Hikma akaomba. Sijawahi kumwona akiomba. Hata bei huwa haombi apunguziwe. Akasema tarehe tisa bado iko mbali, akasema kilo zitatoka, akasema atalala hapo hapo hospitalini asiguse kitu. Yule mtu akasikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru, kisha akasema nafasi ataipata mwezi wa kumi na moja, akiwa chini ya mia na figo zikiwa safi. Ile ya mwezi wa saba inakwenda kwa anayefuata.

Aliporudi nyumbani hakunisemesha siku kumi na mbili. Nilikwenda kila siku. Nilikaa sebuleni kwake kama mdai, nikatoa hadithi zangu zote, hata ile ya mamba wa Mto Nairobi aliyevaa saa, na yeye anakunja nguo tu. Siku ya kumi na tatu akasema, "Bi Kadija, sikukukasirikia wewe. Wewe ni muongo tangu nizaliwe, ninakujua. Nimejikasirikia mimi niliyekwenda kutafuta muongo nilipokuwa na daktari."

Sikujua kama nimesamehewa au nimetukanwa. Nikanywa chai.

Daktari Nahashon alikataa kumrudishia sindano mpaka damu ipimwe mara mbili. Kalamu ile mpya akamwambia aje nayo kliniki, itakaa kwenye friji yao, na atadungwa mbele ya muuguzi mpaka atakapoaminika. Kama mtoto. Mwezi wote ulipita hivyo, bila dawa yoyote, na njaa ikarudi ikiwa na hasira, na mzani ukapanda mpaka mia na tano. Tarehe tisa mwezi wa saba ilifika, Hikma akakaa kitandani mpaka saa tano, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa mzima.

Siku aliyoruhusiwa kuanza upya, mwezi wa nane, nilikwenda naye. Benchi lilikuwa lile lile, na foleni ilijaa. Karibu nasi aliketi mama mmoja wa Ziwani, jina lake Kezia, mwalimu mstaafu, mchangamfu, ana fimbo mpya na mguu ameunyoosha mbele kama anauuza. Alikuja kupimwa presha. Hatukumuuliza kitu. Alitueleza mwenyewe.

"Mimi nilikuwa nimeandikiwa mwezi wa kumi na moja," akasema. "Wakanipigia simu ghafla, kuna mtu ametolewa, njoo tarehe tisa. Nikasema Mungu huyu. Sasa angalia." Akakunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena. Halikutoa sauti yoyote. "Sijui huyo mtu alipatwa na nini, maskini. Huwa namwombea."

Hikma alikuwa anaangalia lile goti.

"Endelea kumwombea," akasema.

"Na wewe, mama, la kwako lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Ah, si mbali," Kezia akasema.

Muuguzi akaita jina. Hikma akainuka kwa kushika bega langu, tukaingia. Muuguzi akatoa kalamu kwenye friji, akasoma tarehe, akamwonyesha nambari kwenye dirisha dogo, ya chini kabisa. Akadunga. Hata kuhesabu kumi hakufika.

"Ndiyo hiyo tu?" Hikma akauliza.

"Ndiyo hiyo tu. Jumatatu nyingine tena."

Akashusha kanzu yake. Mlangoni akasimama, na mimi nikafungua mdomo kusema neno la kumpa moyo.

"Bi Kadija," akasema, "leo usiseme kitu."